Majibu kwa Wanaobeza Visanamu vya Mezani

Kila anayepaka rangi visanamu vya michezo ya mezani ameshayasikia maneno haya, na mara nyingi huyasikia kutoka kwa watu wanaompenda. Shangazi anauliza mambo hayo yataisha lini. Mwenzako wa kazini anauliza bei, akiambiwa anapiga mluzi. Mwingine anakishika kisanamu kilichokamilika, anakigeuzageuza, anasema yeye hakujaliwa kipaji hicho, kisha anakirudisha mezani kifudifudi. Mengi ya madai haya hayana mguu wa kusimamia. Mawili matatu yana ukweli ndani yake, na huo nitausema. Mengine hayatoki kwa wabezaji kabisa, yanatoka kwetu sisi tunaoupenda ufundi huu, na hayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Warhammer, maarufu kuliko yote ya aina yake, ulitolewa mwaka 1983 na Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo leo makao yake ni Nottingham. Wachezaji wawili hupanga majeshi juu ya meza, hupima mwendo kwa futi ya utepe na kuamua mapigo kwa dadu. Askari wa majeshi hayo huuzwa vipande vipande, plastiki ya kijivu iliyoshikamana na fremu yake, bila tone la rangi. Kukata, kuunga kwa gundi na kupaka ni kazi ya mnunuzi. Binadamu wa kawaida katika michezo hii ana urefu wa milimita 28 hadi 32, na ndani ya urefu huo kuna vifungo, mikanda, kucha na makovu.

“Ni vitu vya watoto.” H. G. Wells alikuwa na umri wa miaka 46 alipochapisha Little Wars mwaka 1913, kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa madini sakafuni. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg von Reisswitz, alimwonyesha mkuu wa majeshi yao mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, na jeshi likautumia kuwafunza maofisa. Peter Cushing, yule mwigizaji aliyekuwa mkuu wa kijeshi mwenye uso mkavu katika Star Wars ya mwaka 1977, alipigwa filamu na British Pathé mwaka 1956 akiwa nyumbani na askari wake wadogo, na hakuonyesha haya hata chembe. Kama unataka ushahidi wa fedha, Desemba 2024 Games Workshop iliingia katika FTSE 100, orodha ya makampuni 100 makubwa ya Soko la Hisa la London. Watoto wa Uingereza hawana posho ya kufikisha kampuni huko. Watoto nao hupaka, na hupaka vizuri, lakini kisu cha kukatia plastiki usimwachie mtoto peke yake.

“Ni starehe ya wenye pesa.” Hapa sitabisha sana. Sanduku moja la kuanzia jeshi la Warhammer hukaribia pauni 100, ambazo ni zaidi ya shilingi laki tatu za Tanzania, na ndani yake hakuna rangi wala brashi. Hiyo ni pesa nyingi hata kwa Mwingereza, na walio ndani ya mchezo wanaongoza kwa kulalamika. Lakini wanaotoa dai hili wanahesabu bei ya kununua kana kwamba ndiyo bei ya kupaka. Ndugu mapacha Michael na Alan Perry, waliowahi kuchonga visanamu vya Games Workshop na ambao wana kampuni yao hapo hapo Nottingham, huuza sanduku la askari wa plastiki wa zama za kati, 30 na zaidi, kwa pauni zisizofika 30. Hao 30, ukiwapaka jioni baada ya kazi kwa uangalifu wa wastani, watakushika kwa miezi. Kikopo cha rangi cha mililita 12 hupaka makumi ya visanamu kabla ya kukauka. Anayefilisika ni yule anayenunua sanduku la tatu ilhali la kwanza bado lina nailoni yake, na wa namna hiyo wapo wengi, tena kila mmoja ana rundo lake la kijivu chini ya kitanda. Ugonjwa wao ni wa dukani. Brashi haijamtia mtu umaskini.

Dai ninalolisikia kuliko yote ni la kipaji. “Mimi mkono wangu unatetemeka.” Wa nani hautetemeki? Mtazame mpakaji yeyote mwenye uzoefu, utaona viwiko vyake viko juu ya meza, viganja vimegusana kwenye vifundo, na kidole kidogo cha mkono wenye brashi kimeegemea mkono ulioshika kisanamu. Kisanamu chenyewe kimegandishwa juu ya kizibo cha chupa ili vidole visiguse rangi mbichi. Mikono miwili ikishikana hivyo hutetemeka pamoja, na brashi na kisanamu huenda upande mmoja. Ndiyo siri yote ya mkono thabiti, na huweza kufundishwa kwa dakika chache.

Kuhusu kujaliwa, turudi kwa mapacha wa Perry. Mwaka 1996, katika maigizo ya vita vya kale huko Ufaransa, ajali ya mzinga ilimpotezea Michael mkono wake wa kulia. Alikuwa mchongaji wa riziki, na mkono huo ndio aliokuwa akichongea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuchonga, na baada ya hapo yeye na nduguye wakachonga visanamu vya The Lord of the Rings ambavyo vipo mezani kwa watu dunia nzima. Sisemi kila mtu ana subira ya Michael Perry. Nasema tu kwamba aliyezoea kujitetea kwa kukosa kipaji amkumbuke huyu kwanza.

Na hatua zenyewe ni za fundi, hazingoji msanii ashukiwe na kitu. Kwanza praima, tabaka jembamba la kushikisha rangi, maana akriliki haipendi plastiki tupu. Kisha rangi za msingi, kila sehemu na yake, zizimuliwe kwa maji hadi ziwe na uzito wa maziwa, zipakwe mara mbili. Duncan Rhodes, mwalimu wa video aliyewafundisha wengi wetu bila kutujua, alijulikana kwa kusisitiza hilo la tabaka mbili nyembamba mpaka likawa utani. Baada ya hapo inakuja rangi ya majimaji, nyeusi au kahawia, inayopakwa juu ya kila kitu. Hapa ndipo wanaoanza hushtuka. Kisanamu kinaonekana kimechafuka, kimeharibika, na mkono unataka kukipangusa. Kiache. Maji yale yanateremka yenyewe kwenye mikunjo ya nguo, chini ya mkanda, katikati ya vidole, kwenye kina cha tundu la jicho. Yakikauka yameacha kivuli mahali hasa ambapo kivuli hukaa. Hukuchora kitu. Mwishowe unachukua brashi kuukuu, unaichovya rangi nyepesi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, kisha unaipitisha haraka haraka juu ya kisanamu, na kila ukingo ulioinuka unashika mwanga. Nyuzi za manyoya, minyororo ya chuma, nyufa za jiwe, vyote vinajitokeza. Mtu wa kwanza kuoneshwa hilo hunyamaza kidogo, kisha huomba kingine.

Sasa dai la watu wetu wenyewe: “Kazi ndogo inataka brashi ndogo.” Lina sura ya akili, na wauzaji wanalipenda kwa sababu linauza brashi zenye nywele za kuhesabika. Jaribu kupaka mboni ya jicho kwa brashi ya namna hiyo mchana wa Dar es Salaam. Tone la rangi linakauka kwenye ncha kabla halijafika usoni, na unachofanya ni kukwaruza uso kwa kijiti. Brashi inayofaa ni namba 1 au namba 2, yenye tumbo na ncha kali. Tumbo ndilo linalobeba unyevu, ncha ndiyo inayochora, na moja bila nyingine haifai. Kampuni ya Winsor & Newton ya Uingereza inatengeneza brashi iitwayo Series 7 tangu mwaka 1866, kwa agizo la Malkia Victoria, kutokana na manyoya ya mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche, na wapakaji wengi wa mashindano wanamaliza uso mzima kwa hiyo moja. Si lazima ununue hiyo. Lazima uitunze uliyo nayo: rangi isipande hadi kwenye kibati kinachoshika nywele, na usiiache imesimama kichwa chini ndani ya glasi ya maji hata kwa muda wa kupokea simu.

Nyongeza moja hapo, kwa sababu tabia hii ipo na watu wanaifanya bila kufikiri: usilambe brashi ili kuikaza ncha. Akriliki nyingi za visanamu zimeandikwa kuwa si sumu, lakini si rangi zote zilizo mezani kwako ni za kundi hilo, na baadhi ya rangi za wachoraji zina kadimiamu. Wasichana waliopaka nyuso za saa kwa rangi ya radiamu kule New Jersey, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, walielekezwa kukaza ncha za brashi kwa midomo. Baadhi yao walioza mataya. Kitambaa chenye unyevu kinakaza ncha vizuri tu.

Lipo dai jingine ambalo linanigusa karibu zaidi, na silijibu kwa ufupi. “Ngozi nyeusi ni ngumu kupaka.” Hulisikii kwa wabezaji. Hutoka kwa wapakaji, tena hodari, na husemwa kwa sauti ya upole kana kwamba ni jambo la maumbile. Mwulize anayelisema amewahi kupaka nyuso ngapi nyeusi. Kwa miongo kadhaa rangi nyingi zilizouzwa kuwa za ngozi zilikuwa za waridi au za mchanga, na picha za masandukuni zilionyesha uso mmoja wa Kizungu baada ya mwingine. Mtu aliyepaka nyuso mia za waridi na mbili za kahawia, kisha akaona zile mbili zimemshinda, amegundua kitu kuhusu mazoezi yake.

Kosa lenyewe ni moja, na likishajulikana halirudiwi. Mpakaji anapotaka sehemu iliyoinuka ing'ae, hurudia alichozoea kwenye ngozi ya waridi: anachanganya kahawia yake na nyeupe. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia huizima, huitia kijivu, na uso unapauka. Mama yeyote wa Pwani akimwona mtoto wa hivyo angemrudisha ndani akapakwe mafuta. Weka nyeupe pembeni. Anza na kahawia nzito, kwa mfano ile ambayo Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, inaiita Rhinox Hide, kisha panda kwa kahawia nyekundu, kisha kwa ya machungwa iliyokolea, na mwishoni kabisa tia tone la rangi ya ngano. Kivuli nacho kisiwe cheusi. Bluu iliyokolea au zambarau kidogo chini ya kidevu na ndani ya tundu la jicho hufanya uso uwe na damu ndani yake.

Halafu angalia watu halisi. Kaa kwenye daladala mchana upande wa jua, mtazame abiria aliye dirishani, kwa adabu. Ngozi nyeusi hushika mwanga kwa ukali, katika madoa madogo yenye mipaka: juu ya paji, kwenye mgongo wa pua, kwenye mfupa wa shavu, na mstari mmoja mfupi kwenye mdomo wa chini. Mpakaji aliyezoea kusambaza mwanga polepole juu ya shavu lote atapata uso wa udongo. Aweke madoa yake madogo, yawe makali, aache kahawia ipumzike kati yake. Viganja viwe na rangi nyepesi zaidi. Weupe wa jicho usiwe mweupe wa chaki, kwa sababu chaki katikati ya uso mweusi humfanya askari aonekane ametishwa. Krimu iliyotiwa kijivu inatosha. Baada ya kupaka nyuso kumi za hivi, nasema bila kusita kwamba ngozi nyeusi ndiyo yenye kulipa kuliko zote kwa kipimo hiki kidogo, maana tofauti ya mwanga na kivuli chake husomeka ukiwa umesimama upande wa pili wa meza.

Jambo hili lina ndugu yake, nalo ni dai kwamba haya ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Kwa bahati mbaya au nzuri, tumeshawekwa mezani zamani. Kampuni ya Foundry ya Uingereza ina mkusanyiko mzima wa visanamu vya milimita 28 vilivyochongwa na Mark Copplestone, wa Afrika ya karne ya 19, wakiwemo wapiganaji wa ruga-ruga na watu wa Zanzibar, na mkusanyiko huo unauzwa kwa jina la Darkest Africa, jina ambalo kila nikilisoma hunifanya nivute pumzi. Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki vina wapenzi wake pia. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakarudishwa melini na kikosi cha kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, chenye watu 1,000 hivi, na nyuki wakaingilia kati, hupiganwa upya kwa dadu kwenye vilabu vya Uingereza na Marekani na watu ambao Tanga hawajaiona.

Chukua askari mmoja wa kikosi hicho cha Wajerumani umweke kwenye kizibo. Ana sare ya kaki, kofia ngumu iliyovishwa kitambaa cha kaki chenye tai ya Kijerumani mbele, na bendi za nguo zilizofungwa kuzunguka miguu. Picha nyingi za wakati ule hazina rangi, na mpakaji wa mbali humpa kaki mpya ya dukani. Kaki iliyoingia jua la Tanga na kufuliwa mara nyingi haibaki vile. Mabegani hupauka karibu na rangi ya mfupa, kwapani na mgongoni hukolea kwa jasho, na suruali huwa nyekundu kwa vumbi kama njia ilikuwa ya udongo mwekundu. Na nyuso zisifanane. Katika kampuni zile walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani. Kuwapaka wote kahawia moja kutoka kikopo kimoja ni uvivu. Halafu kuna wapagazi. Walikuwa wengi kuliko wapiganaji, walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na kumbukumbu yao imo katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwenye meza nyingi utawaona wawili watatu, kwa mapambo. Anayetaka meza ya kweli itambidi akate mikono ya visanamu vingine, ageuze, abandike mzigo kichwani. Kazi hiyo ingefanywa vizuri na mtu ambaye babu wa babu yake aliubeba mzigo huo, na kwa nini asiifanye?

“Rangi za kisasa ni wizi wa jasho.” Mwaka 2019 Citadel ilitoa rangi ziitwazo Contrast, ambazo kwa pasi moja hutuama kwenye mabonde na kuwa nyepesi kwenye vilele, hivyo kivuli na mwanga hujitengeneza kwa pamoja. Wazee wa fani walinuna. Wengine bado wamenuna. Lakini mbinu ya kupaka kwanza kwa kijivu na nyeupe, kisha kupitisha rangi nyembamba inayopitisha nuru, ilitumiwa na wachoraji wa mafuta wa Ulaya karne nyingi kabla ya plastiki kuvumbuliwa. Kilichobadilika ni kwamba imeingizwa kwenye chupa. Kwa mtu mwenye watoto wawili na kazi ya zamu, chupa hiyo ndiyo tofauti kati ya jeshi lililopakwa na jeshi lisilopakwa, na jeshi lisilopakwa lina hasara hata kwenye mchezo: tangu mwaka 2020 kanuni za Warhammer 40,000, mmoja wa michezo ya Warhammer, humpa mchezaji pointi 10 kati ya 100 kwa sababu tu jeshi lake lote lina rangi za msingi na vitako vilivyomalizwa. Hapo hapo dai kwamba rangi haina kazi mezani nalo limejibiwa.

Kwa wanaosema si sanaa sina mengi. Katika ngome ya Plassenburg, mjini Kulmbach nchini Ujerumani, kuna makumbusho ya visanamu vya bati yenye vipande 300,000 hivi. Nenda ukabishane na walinzi.

Dai la uchawi na ibada ya sanamu linahitaji lugha ya heshima, kwa sababu wanaolileta wengi wao wana nia njema. Marekani walipitia hofu hiyo miaka ya 1980, pale Dungeons & Dragons, mchezo wa mwaka 1974, ulipotuhumiwa kuwa unawaingiza vijana kwenye ushetani na kujiua. Vitabu viliandikwa, vipindi vya televisheni vikarushwa, na uthibitisho haukupatikana. Ni kweli kwamba kwenye masanduku ya Nottingham kuna mashetani wengi wenye mapembe, na mzazi asiyewapenda ana haki ya kutowaingiza nyumbani. Kuna askari wa Napoleon, kuna magari, kuna wanyama, achague hao. Kwa Mwislamu anayeuliza hukumu ya kuwa na kisanamu chenye sura, mimi si mufti. Amwendee anayemwamini, amweleze kwa usahihi kwamba ni kipande cha mchezo na wala hakisujudiwi, apokee jibu. Wapo wanaopaka vifaru, majengo na miti tu, na kutu ya kifaru ikipakwa vizuri ni kazi ya kutosha kwa mwaka mzima.

Kwa upande mwingine kuna wenzetu wenye shauku wanaodai kwamba utajipatia kipato kizuri kwa kupakia watu. Polepole. Ni kweli mashindano ya Crystal Brush, yaliyokuwa yakifanyika karibu na Chicago, yalimpa mshindi wa jumla dola 10,000 za Marekani. Ni kweli pia kwamba Sri Lanka kuna karakana ambazo kwa miaka mingi zimepokea majeshi ya kijivu kutoka Ulaya na Marekani na kuyarudisha yamepakwa. Lakini soko la karakana hizo limejengwa juu ya ujira mdogo, na mashindano humlipa mmoja. Gawa malipo ya kisanamu kwa saa ulizokalia kiti na utaona kwamba kuosha magari kunalipa zaidi. Atakayefanikiwa atakuwa ameipenda kazi kabla ya fedha, na bado atahitaji kuwa mwepesi.

Limebaki dai la mwisho, ambalo wasomaji wa huku watakuwa wamelishikilia tangu mwanzo: “Kwetu haiwezekani, vifaa hakuna.” Nusu ni kweli. Masanduku ya Uingereza yakifika hapa yamebeba nauli na ushuru, na kikopo kimoja cha rangi huwa na bei ya mlo mzuri. Hewa ya pwani nayo ina ukorofi wake. Vanishi ya kupuliza ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi huganda na utandu mweupe juu ya kazi ya wiki nzima, hivyo Mombasa, Tanga na Unguja ni bora kupaka vanishi kwa brashi. Joto hukausha rangi juu ya sahani upesi. Dawa yake ni chombo tambarare chenye mfuniko, ndani yake taulo la karatasi lililoloweshwa, na juu ya taulo karatasi ya kuokea. Rangi ikiwekwa juu ya karatasi hiyo hunyonya unyevu kutoka chini na kubaki mbichi jioni nzima, na ukifunga mfuniko unaikuta kesho.

Kuhusu cha kupaka, ingia duka lolote la vitu vya watoto uulize wanyama wa plastiki. Nunua simba. Mwoshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta. Usimpulizie rangi ya kopo, kwa kuwa plastiki hizo laini mara nyingine humenyana na dawa ya kopo na kubaki zinanata daima; mpake praima ya akriliki kwa brashi, umwache usiku kucha. Akriliki za maduka ya vifaa vya sanaa zina chembe nene kuliko za Citadel, kwa hiyo zizimue zaidi na upake mara tatu badala ya mbili. Rangi ya mchanga mwili mzima, kahawia ya majimaji kwenye manyoya ya shingo, brashi kavu yenye rangi ya krimu juu yake. Brashi iwe moja, namba 2, na usiilambe.